Ngazi ya Reli ya Tororo

Ukitaka kujua jinsi shirika linavyokua upesi huku uongozi wake ukibaki nyuma, soma historia ya reli iliyopita Tororo, mashariki mwa Uganda. Kwa vijana wa Nabuyoga na vijiji vingine vya Padhola, wilayani Tororo, reli ilikuwa mlango mmoja mkubwa wa kazi ya mshahara.

Njia ya kutoka Nakuru kupitia Eldoret iliingia Tororo katika miaka ya 1920. Tawi la Mbale likafika Soroti 1929, na 1931 treni ikaingia Kampala. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, makao makuu Nairobi.

Ndani ya shirika hilo kulikuwa na ngazi, na rangi ya mtu ndiyo iliyoamua asimame wapi. Mzungu alikuwa mhandisi au meneja. Mhindi alikuwa karani, fundi au mkuu wa stesheni. Mwafrika alitia makaa na kuni kwenye injini, akapakia mizigo, akakaza mataruma na gengi lake juani. Mwaka huohuo wa 1948, Tume ya Holmes ya mishahara ya watumishi wa umma ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, hata kama cheo chao ni kimoja. Huo ulikuwa udhalilishaji ulioandikwa rasmi, na hakuna hesabu ya bajeti inayoweza kuuhalalisha.

Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilitaka mishahara ya rangi ifutwe. Kwenye karatasi, ngazi ilivunjwa. Lakini wenye elimu na uzoefu uliotakiwa walikuwa walewale waliofunguliwa mlango tangu zamani, kwa hiyo vyeo vya juu vilijaa sura zilezile. Novemba 1959 wafanyakazi wa reli nchini Kenya waligoma kupitia chama chao, Railway African Union.

Hata baada ya uhuru, cheo kilimfuata mtu mpaka nyumbani. Mwanaanthropolojia Ralph Grillo, aliyechunguza mtaa wa reli wa Nsambya, Kampala, katika miaka ya 1960, alikuta nyumba zikigawanywa kwa daraja la kazi. Majirani waliweza kujuana madaraja kwa nyumba zao. Na hao ndio waliotakiwa wadai haki kwa sauti moja!

Reli yenyewe haikuacha kurefuka. Ilifika Pakwach 1964. Mabwana wa Nairobi walijua kujenga njia. Kumlea mfanyakazi wa Tororo awe meneja walichelewa mno, na kosa hilo lilikuwa lao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika likagawanywa. Waliofanya kazi chini ya ngazi ile sasa ni wazee sana. Walimu wa historia wa Tororo na wilaya jirani ya Busia wawatume wanafunzi wakawasikilize na kuandika, mwaka huu, si mwaka ujao.