Kwa nini printa kuukuu hukataa faili za kisasa, na namna ya kuitumia

KILA chuo kikuu kinapopokea wanafunzi wapya, maduka ya huduma za mtandao mjini Kakamega, maarufu kama saiba, hufurika watu. Barua ya kujiunga na chuo hupakuliwa mtandaoni, na sawia na hiyo fomu za kujazwa na stakabadhi za karo. Zote hazina budi kuwa karatasini kabla ya mwanafunzi kusimama kwenye foleni ya usajili katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro (MMUST).

Ni katika siku kama hizo ambapo mashine iliyochapisha bila usumbufu kwa miaka kumi na mitano hutoa ghafla ukurasa uliojaa alama za ajabu, au huipokea faili na kunyamaza. Mwenye duka humwambia mteja kuwa printa imeharibika. Aghalabu haijaharibika. Magurudumu yake yangali yanavuta karatasi, tona ipo, na leza yake inaandika. Kilichokosekana ni lugha ya pamoja baina yake na tarakilishi iliyoituma kazi.

Anayeamini kuwa mashine imekufa huingia gharama ya kununua nyingine, na mteja wake hupoteza nusu siku akitafuta duka jingine. Anayejua kuwa tatizo ni la lugha hutafuta mkalimani, na mkalimani huyo mara nyingi hupatikana bila malipo.

Haja ya kulielewa jambo hili imeongezeka. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua rasmi utoaji wa huduma zaidi ya 5,000 za serikali kupitia mtandao wa eCitizen. Hatua hiyo ilipunguza safari za kwenda ofisini, lakini kazi ya kuchapisha haikutoweka. Ilihama tu kutoka kwa karani hadi kwa mwananchi, na kutoka kwa printa ya ofisi hadi kwa printa ya saiba.

Nani anayegeuza maneno kuwa nukta?

Takriban stakabadhi zote hizo huja katika umbizo la PDF, lililobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka wa 2008. Faili ya PDF si picha ya ukurasa. Ni maelezo: andika herufi hii, kwa fonti hii, kwa ukubwa huu, mahali hapa. Printa nayo, hatimaye, haijui herufi wala fonti. Inajua nukta tu. Ukurasa mmoja wa A4, ukichapishwa kwa nukta 600 kwa kila inchi, una nukta 4,960 kwa upana na 7,016 kwa urefu, yaani karibu milioni 35. Bila kubanwa, nukta hizo zinahitaji zaidi ya megabaiti 4 za kumbukumbu.

Kati ya maelezo na nukta, lazima awepo wa kutafsiri. Printa za zamani hutofautiana hasa katika jibu la swali hilo moja: ni nani anayetafsiri?

Kuna zile zenye ubongo wao wenyewe. Adobe ilitoa lugha ya PostScript mwaka wa 1984, na Apple ikaiweka katika printa yake ya LaserWriter mwaka wa 1985. Hewlett-Packard ilifuata njia yake na lugha ya PCL, iliyokuwamo katika LaserJet ya kwanza ya mwaka wa 1984. Mashine kama LaserJet 1200 ya mwaka wa 2001 na LaserJet 1320 ya mwaka wa 2004 huelewa PCL na pia PostScript. Hata hivyo, kuelewa PostScript si kuelewa PDF, ingawa lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja. Printa nyingi za umri huo haziwezi kuisoma faili ya PDF ikitumwa kwao jinsi ilivyo.

Tofauti yao ya ukoo ilipanuka mwaka wa 2001, pale toleo la 1.4 la PDF liliporuhusu rangi na michoro inayopenyeza mwanga, kama vile nembo hafifu iliyolazwa nyuma ya maandishi ya cheti. PostScript haina kitu kama hicho. Kwa hivyo sehemu hiyo ya ukurasa hulazimika kugeuzwa kuwa picha kubwa kabla ya kutumwa, na mashine yenye megabaiti 8 za kumbukumbu, kama ilivyo LaserJet 1200, huweza kulemewa. Hii ndiyo sababu barua ya kawaida hutoka vizuri, ilhali cheti chenye nembo, kutoka tarakilishi ile ile, hukwama.

Kundi la pili ni la mashine ambazo ubongo wake umo katika tarakilishi. LaserJet 1018, LaserJet 1020 na P1102 ni za kundi hili, na Canon LBP2900 vilevile. Ziliuzwa kwa bei nafuu kwa sababu watengenezaji walipunguza kilichomo ndani. LaserJet 1020 ina megabaiti 2 tu za kumbukumbu. Haijui PCL wala PostScript. Hupokea nukta zilizokwisha kupangwa na kubanwa na tarakilishi.

Isitoshe, LaserJet 1018 na 1020 hazihifadhi programu yao ya ndani umeme ukikatika. Kila ziwashwapo, draiva huwa na kazi ya kuzitumia programu hiyo upya kupitia waya wa USB. Katika mji ambao umeme hupotea na kurudi bila kubisha hodi, hili si jambo dogo: printa iliyokuwa ikifanya kazi saa nne inaweza kuwa bubu saa tano, na dawa ikawa ni kuizima, kuwasha tarakilishi kwanza, kisha kuiwasha tena.

Zimesalia zile za pini, kama Epson LX-300, ambazo hugonga utepe wa wino kwa pini tisa. Zingali na thamani yake popote panapotakiwa nakala ya kaboni, kwa mfano risiti au hati ya kupokea bidhaa. Kwa maandishi matupu hazina mfano kwa uvumilivu. Kwa cheti chenye picha na msimbo wa QR, hazifai.

Mkalimani anapokufa

Draiva, basi, ndiye mkalimani. Ni programu ndogo inayochukua ukurasa kutoka tarakilishi na kuugeuza kuwa lugha ya printa husika. Printa yenye ubongo wake ikipoteza draiva yake inaweza kuazimwa nyingine inayojua PCL. Printa isiyo na ubongo haina pa kukimbilia: draiva yake ikikosekana, nayo imekwisha, hata kama chuma chake ni kizima.

Hapo ndipo mifumo mipya ya tarakilishi inapoleta matata. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, ipo katika umbo la biti 64 pekee, na draiva iliyoandikwa kwa biti 32 haiwezi kufanya kazi humo. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida mnamo Oktoba 14, 2025, jambo lililowasukuma wengi kuhamia mfumo mpya. Aidha, Septemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza mpango wa kuacha, hatua kwa hatua, kusambaza draiva mpya za watengenezaji wa printa kupitia Windows Update. Tangazo hilo lilizua hofu kupita kiasi. Halikusema kwamba printa kuukuu zitazimwa. Draiva zilizopo zinaweza kuendelea kutumika, na mtengenezaji anaweza kutoa zake kwenye tovuti yake. La kutahadhari nalo ni mpangilio wa usalama katika matoleo mapya ya Windows 11 uitwao Windows protected print mode. Ukiwashwa, draiva zote za makampuni huwekwa kando na printa za zamani hutoweka kwenye orodha. Si wachache watakaoubonyeza bila kujua kisha waite fundi.

Kusoma dalili

Karatasi iliyoharibika si ya kutupwa kabla ya kusomwa. Ikianza kwa alama %!PS-Adobe na kufuatiwa na mistari ya maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, printa imetumiwa PostScript nayo haiijui. Inachapisha maagizo badala ya kuyatekeleza. Ikianza kwa @PJL au tarakimu -12345X, imetumiwa maagizo ya familia ya HP. Katika hali zote mbili, kosa ni draiva isiyo yake, na tiba ni kuiondoa na kuweka inayofaa. Muhimu zaidi ni kufuta kazi iliyo kwenye foleni mara moja, maana mashine hiyo itachapisha upuuzi huo hadi karatasi ya mwisho.

LaserJet za zamani zenye kioo kidogo cha maandishi huonyesha namba 20 zikikosa kumbukumbu, na 21 ukurasa ukiwa mzito kuliko kasi yake ya kuutafsiri. Punguza nukta kutoka 600 hadi 300 kwa inchi, na mzigo wa ukurasa mzima hushuka hadi takriban megabaiti 1.

Halafu kuna maneno PC LOAD LETTER, ambayo yamewatoa jasho watu wengi duniani. Hayana uhusiano wowote na barua wala tarakilishi. PC hapo ni kasha la karatasi, na Letter ni kipimo cha karatasi cha Marekani, milimita 215.9 kwa 279.4, tofauti na A4 yetu ya 210 kwa 297. Faili iliyoandaliwa Marekani, kama vile barua ya chuo cha huko, huiagiza printa ingoje karatasi ambayo haipatikani dukani Kakamega. Chagua A4 na agizo la kupunguza ukurasa utoshee, nayo itaendelea.

Tiba kwa utaratibu wake

Njia ya kwanza haihitaji fundi. Katika programu ya Adobe ya kusomea PDF, dirisha la kuchapisha lina sehemu iliyoandikwa Advanced, na humo mna chaguo la Print As Image. Ukilichagua, tarakilishi hugeuza ukurasa wote kuwa picha kabla ya kuutuma, na printa haiulizwi tena habari za fonti wala nembo hafifu. Kazi huenda polepole, lakini hutoka. Kuifungua faili ile ile kwa kivinjari cha intaneti na kuichapisha humo nako husaidia mara nyingi, kwa kuwa kila programu hutafsiri kwa namna yake.

Pili, kwa mashine zenye ubongo wao, kuna draiva ya jumla ya HP, inayohudumia aina nyingi za LaserJet kwa PCL 6 au PostScript. Haizihudumii LaserJet 1020 na wenzake, na saa nyingi hupotezwa na wanaojaribu.

Tatu ni kuiacha tarakilishi ya zamani, yenye mfumo unaoijua printa hiyo, iwe mkalimani wa kudumu. Isitumike kuvinjari wala kufungua barua pepe, kwa kuwa mfumo usiopata marekebisho ya usalama ni mlango wazi.

Njia bora kwa mwenye subira ni kuiwekea tarakilishi hiyo Linux pamoja na CUPS, programu huria ya kusimamia printa. Ndani yake hutumika wakalimani kama Ghostscript, iliyoanza mwaka wa 1988, na waandishi wa programu huria wametengeneza draiva hata kwa LaserJet 1020. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Rununu za kisasa huchapisha bila draiva, kwa utaratibu wa AirPrint ulioletwa na Apple mwaka wa 2010 na ule wa Mopria ulioanzishwa mwaka wa 2013, ambao printa kuukuu hazikuwahi kuusikia. CUPS husimama katikati, ikaifanya mashine ya mwaka wa 2005 ionekane kwenye rununu kana kwamba ilinunuliwa jana.

Mteja naye ana sehemu yake. Stakabadhi itumwe kwa WhatsApp kama faili, si kama picha, kwani picha hubanwa na maandishi madogo hufifia. Anayeleta DOCX kwenye tarakilishi isiyo na fonti zake asishangae kurasa mbili zikiwa tatu. Aigeuze kuwa PDF kabla ya kutoka nyumbani. Na ile tabia ya kupakia taarifa ya M-Pesa au nakala ya kitambulisho kwenye tovuti yoyote inayojitangaza kubadilisha faili bila malipo ni ya kuachwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humlinda Mkenya, lakini haiwezi kuirudisha faili iliyokwisha kwenda. Umbizo linaweza kubadilishwa papo hapo kwenye tarakilishi, na nakala ifutwe mteja akiwa anaona.

Kabla ya kulipa, elekeza kamera ya rununu kwenye msimbo wa QR ulio karatasini. Nukta zikiwa chache mno au tona ikiwa hafifu, msimbo huo hausomeki, na afisa atakayeukagua hatajali kuwa maandishi mengine yanaonekana vizuri.

Zipo mashine ambazo haziokoki. Ikiwa printa haina ubongo wake, mtengenezaji hakutoa draiva ya biti 64, na waandishi wa programu huria hawakuishughulikia, itaihudumia tarakilishi yake ya zamani hadi mmoja wao azimike. Jina kamili la printa huwa nyuma yake au chini yake. Atakayelinakili na kulitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua mashine ya mkono wa pili atajua mapema iko upande gani.