Boneti ya gari lililoundwa kwa mkono

Boneti ni kifuniko cha injini katika magari ambayo injini yake iko mbele. Katika viwanda vikubwa boneti hukandamizwa kwa mashine kutoka bamba la chuma. Gari lililoundwa kwa mkono kwa kawaida halina boneti ya dukani inayolitosha, hivyo fundi huibuni na kuiunda mwenyewe.

Usanifu

Kazi huanza kwa kupima nafasi iliyo juu ya injini. Injini hutikisika inapofanya kazi, kwa hiyo haipaswi kukaribiana mno na boneti. Nafasi hiyo pia humsaidia mtembea kwa miguu akigongwa: bamba likiweza kubonyea, jeraha la kichwa hupungua. Baadaye fundi hutengeneza kielelezo cha mbao au waya, kisha hukata bamba kwa kukifuata.

Nyenzo

Nyenzo za kawaida ni chuma, alumini, faibaglasi na nyuzi za kaboni. Alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma cha ukubwa uleule, lakini hupinda kwa urahisi zaidi, hivyo bamba lake hufanywa nene kidogo. Faibaglasi hutandazwa katika kalibu pamoja na resini. Chevrolet Corvette ya mwaka 1953 ilikuwa na bodi ya faibaglasi.

Uundaji

Bamba la alumini hugongwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, kisha husawazishwa kati ya magurudumu mawili ya chuma. Kadiri linavyogongwa huwa gumu, na linaweza kupasuka, kwa hiyo hulainishwa kwa moto. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kwenye sentigredi 660. Ndiyo maana mafundi huipaka sabuni kwanza: sabuni ikigeuka nyeusi, moto huondolewa. Kingo hukunjwa ili boneti isiyumbe.

Matundu ya hewa

Matundu hutoa joto la injini. Gari linapokwenda kasi, shinikizo la hewa huwa kubwa karibu na kioo cha mbele. Matundu yakiwekwa hapo, hewa inaweza kuingia badala ya kutoka.

Usalama

Boneti yenye bawaba upande wa kioo inaweza kuinuliwa na upepo safarini, ikamziba dereva macho. Kwa sababu hiyo huwekwa komeo la pili la kuizuia lile la kwanza likiachia. Bawaba zikiwa mbele, upepo huisukuma ijifunge.

Mfano

Kampuni ya Morgan ya Malvern, Uingereza, iliyoanzishwa na H. F. S. Morgan, imejulikana kwa magari ya mkono yenye fremu ya mbao. Boneti ya magari yake ya jadi ina bawaba katikati na hufunguka pande mbili kama mabawa, ikiwa na safu za matundu ya hewa.