Kubadilisha sailensa ya pikipiki kuukuu kwahitaji subira

SAILENSA ya pikipiki aghalabu huoza kuanzia ndani. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Pikipiki inayoendeshwa safari fupi fupi haipati joto la kutosha kuyakausha, na hivyo maji hayo hutuama ndani na kula chuma. Mwenyewe anapoona tundu kwa nje, uharibifu huwa umekwisha kuenea.

Katika pikipiki za silinda moja kama vile Honda CG125, ambayo ilianza kuundwa miaka ya 1970, bomba hushikiliwa na nati mbili kwenye kichwa cha injini na boliti upande wa nyuma. Hatari kubwa ipo kwenye zile nati za mbele. Boliti zake ni za chuma ilhali kichwa cha injini ni cha alumini, na joto la miaka mingi huzigandisha pamoja. Ikivunjika moja, fundi hulazimika kuitoboa, na huenda gharama ikapita bei ya sailensa yenyewe.

Kwa hivyo, kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi. Nati hutiwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha. Kisha hufunguliwa kwa spana inayotoshea barabara, zikizungushwa kidogo kidogo mbele na nyuma. Inayokataa hutiwa mafuta tena; haishurutishwi.

Gasketi ya zamani sharti iondolewe. Mara nyingi hunata ndani ya tundu la injini na kufanana na chuma, hata fundi akaweka mpya juu yake na moshi ukaendelea kuvuja.

Sailensa mpya hushikizwa kwanza kwa mkono pande zote. Nati za mbele hukazwa kwa zamu, kidogo kila upande, na boliti ya nyuma hukazwa mwisho. Ikitangulia hiyo ya nyuma, bomba huvutwa upande na mtetemo huweza kulipasua. Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, nati zote hukaguliwa tena.

Wapo wanaopendelea bomba lililo wazi ili pikipiki ingurume. Mbali na kuwasumbua majirani na kukiuka kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele nchini Kenya, hatua hiyo huweza kuidhuru injini. Kabureta ilipimwa kulingana na sailensa ya awali. Moshi ukitoka kwa wepesi kupita kiasi, hewa huzidi petroli, injini hupata joto jingi na vali huweza kuungua.

Plagi ndiyo shahidi. Baada ya siku chache ifunguliwe: rangi ya kahawia huashiria mchanganyiko mzuri, ilhali weupe ni onyo kwamba petroli haitoshi na kabureta yapasa kurekebishwa.