Sikio Lisilopumzika: Kelele na Afya ya Wahudumu wa Magari ya Wagonjwa Jijini Juba

Mijadala ya kelele kazini huegemea kiwango kimoja: desibeli 85 kwa saa 8, kinachopendekezwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu, hata desibeli 100 zibakiwe na robo saa tu. Kanuni za Kenya za 2005 ni legevu zaidi, kwani zinaruhusu 90. Ila viwango hivi vina sharti lisilotajwa sana: mfanyakazi akitoka kazini apate utulivu, ili sikio lililochoka lirudi katika hali yake. Jijini Juba sharti hilo halitimii. Kwa hiyo, kumpima mhudumu wa gari la wagonjwa kwa king'ora peke yake ni kumpunja.

King'ora chenyewe si kidogo. Mita chache mbele yake sauti hupita desibeli 110, na kikifungwa juu ya paa kinakuwa karibu kabisa na vichwa vya dereva na mwenzake. Ongeza injini ya dizeli ya Land Cruiser, vyuma vya machela vinavyogongana, na barabara za udongo za mitaa ya Gudele na Munuki. Miezi ya kabla ya mvua joto hukaribia nyuzi 40, na kiyoyozi kikiharibika madirisha hushushwa, sauti yote ikaingia ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu wazimamoto wa Houston waliofanya kazi ya dharura za kitabibu ulionyesha kuwa usikivu wao ulipungua haraka kuliko umri ulivyotarajiwa kuupunguza. Wale walikuwa na barabara za lami.

Madhara hayaishii kwa mhudumu. Tazama anavyopima presha gari likiwa kwenye mwendo. Anafunga mkanda mkononi mwa mgonjwa, anajaza upepo, anaweka stetoskopu kwenye kiwiko, kisha anautoa upepo polepole akisikiliza mapigo yaanze na yakome. Hasikii kitu. Inambidi aguse mshipa kwa vidole na kuandika namba ya juu tu. Ile ya chini haipatikani kwa njia hiyo. Mama aliyejifungua anayevuja damu, akilalamika kwa sauti ndogo kwamba anaona kizunguzungu, huenda asisikike kabisa.

Usiku ndipo tatizo linapokomaa. Mtambo wa umeme uliozinduliwa mwaka 2019 ulileta nafuu, lakini jenereta bado zinanguruma kwenye zahanati, hoteli na maduka, mara nyingi ukutani mwa chumba anamolala mtu aliyetoka zamu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, likiandikia Ulaya, lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40. Kelele za usiku hukatiza usingizi, huamsha homoni za msongo na kupandisha presha hata kwa mtu anayeamini amekwisha kuzizoea. Tena, kwa waliopitia mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016, mlio wa ghafla huamsha kumbukumbu ambazo mwili haujazisahau.

Jibu la haraka huwa vizibo vya masikio. Sikubaliani nalo. Anayetakiwa kusikia pumzi ya mgonjwa, redio ya kituo na amri ya askari kwenye kizuizi hawezi kuziba masikio zamu nzima. Kelele ipunguzwe kwenye chanzo: king'ora kishushwe hadi kwenye bampa, mipira ya milango ibadilishwe, kiyoyozi kitengenezwe kwa uzito uleule wa breki, na chumba cha mapumziko kiwe mbali na jenereta. Wafadhili wanaotoa magari waandike masharti haya kwenye maelezo ya ununuzi.

Sheria haina kisingizio. Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya 2017 inagusa afya na usalama kazini, na orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani inataja upotevu wa usikivu utokanao na kelele. Kinachokosekana ni ushahidi wa mtu mmoja mmoja. Kelele hula kwanza sauti za karibu hezi 4,000, na vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Hivyo kila mhudumu apimwe usikivu siku anayoajiriwa, kisha kila mwaka, na nakala ya majibu akae nayo mwenyewe. Bila karatasi ya siku ile ya kwanza, atakayedai fidia baada ya miaka 15 ataambiwa kwamba ni uzee.