Kutoa ni Moyo

Mwishoni mwa mwaka wa 1969 nilipata barua ya kukubaliwa katika chuo cha ualimu. Nyumbani tulifurahi sana, lakini furaha haikuchukua siku mbili. Barua ile ilikuja na orodha ya vitu ambavyo kila mwanafunzi alitakiwa kwenda navyo: sanduku la bati, mablanketi mawili, shuka, viatu vyeusi, suruali mbili na mashati meupe mawili. Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini Kilindini. Aliisoma orodha ile kwa kunisikiliza mimi nikiisoma, kisha akanyamaza.

Katika kijiji chetu huko Kwale palikuwa na duka moja la Mhindi. Sitamtaja jina mwenye duka, kwani wanawe wako hai nami sikuwaomba ruhusa. Baba alinituma kwake niulize bei tu. Mzee yule alitwaa orodha kutoka mkononi mwangu, akavaa miwani, akaanza kuteremsha vitu kutoka rafuni kimoja baada ya kingine. Nilimwambia, "Mzee, sina pesa. Nimetumwa kuuliza." Alifungua daftari lake, akaandika jina la baba na jina langu, akasema, "Mwanangu, utalipa ukipata mshahara."

Nilimaliza kulipa deni lile mwaka wa 1972, nikiwa nimeshaanza kufundisha. Siku ya mwisho nilimwuliza alithubutu vipi kumkopesha mtoto wa mchukuzi kwa miaka miwili bila rehani. Akanijibu kwamba babu yake alipofika Mombasa kutoka India alipewa mzigo wa nguo kwa namna hiyohiyo, na aliyempa ni Allidina Visram. Jina hilo nililijua kama jina la shule. Sikuwahi kufikiri kuwa lilikuwa jina la mtu.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfuatilia mtu huyu katika vitabu. Sasa nina zaidi ya miaka sabini, na ningependa msomaji wangu naye amfahamu.

Allidina Visram alizaliwa mwaka wa 1851 huko Kera, katika nchi ya Kutch, magharibi mwa India. Mimi nilizaliwa mwaka wa 1951. Alivuka bahari akafika Unguja mwaka wa 1863, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili asiye na kitu. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, mimi nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mbali nilikokuwa nimefika ni kuvuka kivuko cha Likoni. Kila nikiwaza jambo hilo hujiuliza ni mama gani aliyemfunga mtoto huyo kibindo akamwacha apande jahazi.

Alikwenda Bagamoyo kufanya kazi kwa tajiri mmoja aliyeitwa Sewa Haji Paroo. Huyu Sewa Haji alikuwa akitayarisha misafara ya kwenda bara: alitafuta wapagazi, nguo, shanga, nyaya na vyakula. Lakini pia alitoa nyumba ya shule hapo Bagamoyo, akataka ipokee watoto wa kila taifa, na alijenga hospitali Dar es Salaam. Hospitali ya Muhimbili hufuatilia asili yake hadi kwenye hospitali hiyo. Kwa hiyo kijana Allidina alijifunza mambo mawili kwa mwalimu mmoja: namna ya kuchuma na namna ya kutoa. Sisi walimu tunajua kwamba mtoto hafuati sana tunayosema, hufuata tunayotenda.

Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Allidina tayari alikuwa na biashara yake mwenyewe, naye akaendeleza kazi ya misafara. Wakati huohuo mambo yalikuwa yanabadilika. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wengi waliotegemea misafara walifilisika, kwani garimoshi moja lilibeba mizigo ya wapagazi wengi mno. Allidina aliifuata reli. Kila palipofunguliwa stesheni alifungua duka, kisha mashua zake zikavuka Ziwa Viktoria, na maduka yake yakatapakaa Uganda.

Maduka hayo yaliendeshwa kwa mkopo. Mali ilitoka Ulaya na India ikamfikia yeye Mombasa. Yeye aliwapa vijana wa jamii yake waliotoka India, akiwapa marekani, kaniki, chumvi, sukari na mafuta ya taa, waende wakafungue duka mahali ambapo hapakuwa na duka. Vijana wale waliuza, wakanunua ngozi, pilipili, karanga, meno ya ndovu na baadaye pamba, wakampelekea. Hesabu ilifanywa baadaye. Hapo mwanzoni mabenki yalikuwa hayajafika Uganda, na hata serikali ya kikoloni ilipata fedha za matumizi kupitia maduka yake. Wakati huo kila kibanda kilitozwa kodi ya rupia tatu, na mkulima hakuwa na rupia mpaka apatikane mtu wa kununua alichokilima.

Hakuishia kwenye duka. Aliweka mashine za kukamua mafuta, za kupasua mbao na za kuchambua pamba. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia na aliitumikia sana jamaa yake, lakini mkono wake ulifika nje ya jamaa. Hata kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lilipata mchango wake.

Sitaki msomaji adhani ninamfanya malaika. Utajiri wa misafara ulibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, kwa miezi mingi ya njia. Majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wa shule yoyote. Ndovu waliouawa hawahesabiki. Na mfumo wa ukoloni ulimpa Mhindi nafasi ya kufanya biashara huku ukimbana Mwafrika asipate hata mkopo mdogo wa kuanzia. Mimi ni mtoto wa mchukuzi. Mambo haya siwezi kuyasahau. Nikiwa kijana nilisimama mbele ya darasa nikafundisha kwamba mwenye duka wa Kihindi ni mnyonyaji, basi. Nilifundisha hivyo huku mashati niliyovaa yakiwa yametoka katika daftari la mzee yule. Mwaka huohuo niliomaliza deni langu, 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke, na wengine walipita Mombasa kwa garimoshi wakitafuta meli. Niliona aibu, na tangu hapo somo hilo nililifundisha kwa namna nyingine: nilieleza dhuluma ya mfumo, na nilieleza pia wema wa watu.

Allidina Visram alifariki mwaka wa 1916, kutokana na homa aliyoipata katika safari ya Kongo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano, na bado alikuwa njiani kwa ajili ya biashara. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi mali nyingi na mzigo mzito. Mkopo ule wote ulisimama juu ya mtu mmoja aliyejua nani wa kuaminiwa na nani wa kusubiriwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha bei za mazao zilianguka, na sarafu ikabadilishwa kutoka rupia kuwa florini na kisha shilingi, kati ya 1920 na 1921. Abdulrasul naye hakuishi sana baada ya baba yake. Kabla ya miaka ya 1920 kumalizika, kampuni ile iliyokuwa na maduka makumi kwa makumi ilikuwa imevunjika.

Lakini Abdulrasul alikuwa ameshafanya jambo moja. Alijenga shule kisiwani Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, akaikabidhi kwa serikali. Shule hiyo, Allidina Visram, ilifunguliwa mwaka wa 1923. Siku hizo sheria iliwatenga watoto kwa rangi, nayo ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Baba yangu aliwahi kunionyesha kwa kidole tulipopita njiani, akaniambia, "Ile si yetu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeonyesha bahari. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kwa watoto wote.

Nilifundisha kwa miaka thelathini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mwaka mmoja, matokeo ya mtihani yalipotoka, mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi, alichaguliwa kwenda Allidina Visram. Baba yake alikuja ofisini na orodha ya vitu vinavyotakiwa mkononi. Aliishika kama baba yangu alivyoishika yetu. Sikuweza kumwambia neno. Nilimchukua mpaka dukani, nikamwambia mwenye duka aandike jina langu. Mvuvi yule alinilipa samaki kwa samaki, na sehemu kubwa sikuipokea.

Wazee wetu walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Kwa miaka mingi niliisahihisha methali hiyo katika madaftari ya wanafunzi kana kwamba ni zoezi la lugha tu. Sasa nadhani naijua maana yake. Maduka ya Allidina Visram hayapo. Shule ipo, na watoto ambao yeye hakuwajua wanakaa madarasani humo. Na lile daftari la Kwale, ambalo sijui liko wapi leo, mimi bado ninalilipa.