Injini Ngeni Ndani ya Gari la Zamani



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za kahawa iliyokusanywa, maghala yaliyojengwa na fedha walizolipwa wakulima katika miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Mimi nimepewa nafasi niandike habari za usafirishaji, kwa maana kahawa iliyo bora, ikilala ghalani bila gari, si mali bali ni mzigo. Nimeona vyema nishike jambo moja tu ambalo halikosi kuulizwa katika mikutano ya wakulima: injini ya lori la ushirika inapokufa, na ya aina ile ile haipatikani au bei yake yatisha, je, yafaa kufunga injini ya gari la aina nyingine?

Wako wasemao kuwa injini ni injini, na fundi hodari hashindwi. Wako wasemao kuwa kufanya hivyo ni kutupa fedha za wakulima shimoni. Kila upande una mashahidi wake. Yafaa basi tuitazame historia, hasa ile iliyopita mbele ya macho ya watu wa Mbozi na Tunduma, maana jambo hili si jipya, wala halikufanywa na mafundi wa vichochoroni peke yao.

Asili ya jambo

Mwaka 1932, katika mji wa Peterborough nchini Uingereza, Frank Perkins alianzisha kiwanda cha injini za dizeli. Kiwanda hicho hakikuunda magari. Kiliunda injini za kutiwa katika magari na mitambo ya watu wengine. Mnamo 1937 kilitoa injini ya silinda sita iliyoitwa P6, nayo ikaenea sana. Mwenye lori la petroli, kama vile Bedford, aliweza kuitoa injini ya kiwandani na kutia P6 mahali pake. Sababu ilikuwa nyepesi kueleweka: dizeli hula mafuta kidogo kwa kazi ile ile, nayo huvuta mzigo mzito hata inapozunguka polepole.

Basi kubadili injini si dhambi, wala si ubunifu wa umaskini tu. Lakini tuzingatie jambo moja. Injini zile ziliundwa kwa nia ya kutiwa katika magari ya wengine, na pamoja nazo ziliuzwa vifaa vya kuziunganisha: sahani ya kuungia giaboksi, vishikizo vya kuikalisha injini kwenye chesisi, na mabomba yaliyopimwa. Kazi ya kufikiri ilikwisha kufanywa kabla spana haijashikwa.

Tunduma, mlango wa kusini

Kwetu sisi shule ya magari ilikuwa barabara. Tarehe 11 Novemba 1965 utawala wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini, ukiongozwa na Ian Smith, ulijitangazia uhuru bila ridhaa ya wananchi walio wengi. Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake upande ule, ikajikuta imezibwa njia. Ndipo mzigo ulipogeukia Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo yatoka Zambia na kuingia nchini kwetu hapa Tunduma. Mapipa ya mafuta yalipanda kutoka Dar es Salaam, na shaba ikateremka kwenda bandarini. Barabara ilikuwa ya udongo: kiangazi vumbi, masika tope. Wageni walioipita waliiita Njia ya Jehanamu, wala hawakutia chumvi.

Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, nayo ikatumia malori makubwa ya Fiat. Hapa pana funzo la kwanza. Magari mengi yakiwa ya aina moja, lori moja lililokufa ni ghala la vipuri kwa mengine, na fundi aliyeijua injini moja amezijua zote. Mwenye magari matano ya aina tano ana matatizo matano, hata kama kila moja ni zuri peke yake. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilipokamilika mwaka 1968, malori yalipunguziwa mzigo. Lakini funzo hilo halikupungua thamani.

Reli na mlima wa Makambako

Baada ya barabara ikaja Reli ya Uhuru, TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikafika mpakani Tunduma mwaka 1973, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo yapita Vwawa na Tunduma, katikati ya nchi yetu ya kahawa.

Vichwa vya gari moshi vya kwanza vilitoka China. Vikubwa vilikuwa na nguvu za farasi 2,000, na vidogo, vya kupangia mabehewa, 1,000. Vyote vilikuwa vya dizeli, na nguvu ya injini ilipelekwa magurudumuni kwa njia ya mafuta yasukumwayo ndani ya mtambo wa katikati. Katika nchi tambarare vilifanya kazi yake. Lakini baina ya Mlimba na Makambako reli yatoka bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu, ikipita madaraja na mahandaki mengi. Hapo vichwa vile vilionekana kupungukiwa nguvu kwa mizigo iliyokusudiwa.

Wakuu wa reli walishika njia mbili. Katika miaka ya 1980 baadhi ya vichwa vya China vilitolewa injini zake za asili na kutiwa injini za MTU kutoka Ujerumani. Umbo likabaki lile lile, lakini moyo ulikuwa mwingine. Njia ya pili ilikuwa kununua vichwa vipya kabisa. Mwaka 1983 vikaja vya aina ya U30C, vilivyobuniwa na General Electric ya Marekani na kuundwa na Krupp wa Ujerumani Magharibi. Katika hivyo injini haiyasukumi magurudumu. Yazungusha jenereta, na umeme wake ndio uzungushao mota zilizo kwenye ekseli.

Tuzipime njia hizo mbili. Waliotia injini za MTU waliendelea kulitumia gari lililokuwapo, yaani fremu, magurudumu na breki. Lakini uzee wa sehemu hizo nao ulibaki pale pale. Walionunua U30C walipata nguvu kubwa zaidi, lakini iliwapasa kuwa na mafundi wajuao umeme, pamoja na ghala jingine la vipuri. Wala hakuna ambaye angeweza kuitoa injini ya U30C na kuitia katika kichwa cha China kwa nyundo na tindo, maana namna ya kupeleka nguvu ni mbali kama ardhi na mbingu. Tena, njia zote mbili hazikuiondolea reli shida ya vipuri. Injini hubadilishwa kwa siku kadhaa. Utunzaji ni wa kila siku.

Malori ya wakulima

Turudi kwenye ushirika. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi za kununua mazao zikashikwa na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Vilirudi katika wakati mgumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeila hazina, bei ya mafuta duniani imepanda, na fedha za kigeni hazikuonekana. Malori mengi nchini yalikaa juu ya magogo kwa kukosa kipuri kidogo tu. Ndipo mafundi wetu walipojifunza, kwa kulazimishwa na njaa ya vipuri, kuitia injini yoyote iliyopatikana katika gari lolote lililosimama. Kazi waliyoifanya yastahili heshima. Bila wao mazao mengi yangeozea vijijini.

Lakini heshima isitufumbe macho. Nilipata kusafiri katika lori moja la mtu binafsi, lililokuwa la petroli na kutiwa dizeli ya gari jingine. Mwenyewe alijisifu kwa bei aliyoipata. Tulikuwa tumebeba kahawa ya maganda. Katika kupanda Senjele maji yakachemka, kwa sababu rejeta ilikuwa ile ile ndogo ya zamani. Tukangoja yapoe, tukaongeza maji, tukaondoka tena, na shafti ikavunjika. Usiku mvua ikanyesha, na turubai lilikuwa bovu. Kahawa iliyopanda garini ya daraja la kwanza ilipokewa kwa bei ya chini. Injini ilikuwa nzima hata mwisho wa safari ile. Walioumia ni wakulima ambao hawakuulizwa habari za injini wala za shafti.

Maswali ya kuulizwa kabla ya kununua

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Injini ngeni nayo ni mgeni: ataka kwanza mahali pa kulala, kisha ataka jembe limfaalo. Kamati yoyote ipelekewayo shauri la kubadili injini, na iulize mambo haya.

Kwanza, uzito na kimo. Injini nzito kuliko ya kwanza huzilemea springi na ekseli ya mbele. Iliyo ndefu huisukuma rejeta, na bakuli lake la oili laweza kugusa ekseli gari likipita shimoni.

Pili, maungio. Je, iko sahani ya kuunganisha injini na giaboksi, iliyochongwa kwa kipimo katika karakana yenye mashine? Shafti ya giaboksi ikipinda hata kidogo tu kutoka katikati ya injini, klachi na beringi hufa upesi.

Tatu, nguvu na mwendo. Dizeli huzunguka polepole kuliko petroli lakini huvuta kwa nguvu zaidi. Ikifungwa kwa difu ya zamani, gari laweza kuwa zito wa mwendo katika tambarare, na giaboksi, shafti na difu zikabeba nguvu ambazo hazikuundwa kuzibeba.

Nne, baridi na breki. Injini kubwa yataka rejeta kubwa. Na gari lililopata nguvu ya kupanda Senjele na mzigo zaidi ni lazima liwe na breki za kuteremka Kitonga na mzigo huo huo. Jambo hili husahauliwa kuliko yote, nalo ndilo lichukualo maisha ya watu.

Tano, vipuri na ujuzi. Injini hiyo ikiharibika katikati ya msimu, pampu yake na noozi zake zapatikana wapi? Ni nani aijuaye hapa Vwawa, Mlowo au Tunduma?

Karatasi ni sehemu ya gari

Liko jambo la mwisho, ambalo viongozi hawana budi kulishika. Kadi ya usajili wa gari, itolewayo na Mamlaka ya Mapato, huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, taarifa yapasa kutolewa ili kadi isahihishwe. Lori ambalo injini yake haikubaliani na kadi yake laweza kuzuiwa barabarani na mzigo ukiwa juu, na bima yake ikaleta ubishi siku ya ajali.

Sisi tulio karibu na mpaka tuna kishawishi cha pekee. Tunduma na Nakonde zatazamana kama nyumba mbili za uwanja mmoja, na tangu Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kimewawezesha wasafiri na mizigo kukaguliwa mahali pamoja. Injini inunuliwayo ng'ambo na ipite kituoni, ilipiwe ushuru, na risiti ihifadhiwe katika jalada la gari. Injini iliyopitishwa njia za panya ni rahisi siku ya kununuliwa tu.

Hitimisho

Ndugu wanachama, historia haituambii tukatae injini ngeni, wala haituambii tuipokee kwa furaha ya bei. Watu wa Peterborough walifanikiwa kwa kuwa walipima kwanza. Watu wa reli walipofikia kutia injini za MTU waliitia nguvu mpya katika gari lililokuwa bado na miguu. Rafiki yangu wa lile lori alinunua injini nzuri na kuitia mahali pasipoifaa.

Basi shauri langu ni hili. Bei ya injini isipelekwe mkutanoni peke yake. Iandikwe pamoja na bei ya rejeta, sahani, shafti, breki, kazi ya fundi, ushuru na kadi, kisha jumla ilinganishwe na bei ya kuifufua injini ya asili, au ya kuliuza gari bovu na kununua jingine. Hesabu hiyo na isomwe mbele ya wanachama kabla ya kupiga kura, na nakala yake ibaki katika kumbukumbu za Chama. Lori la ushirika halina mwenyewe mmoja wa kulilia. Lina maelfu, na kila mmoja wao amelilipia kwa kilo za kahawa aliyoichuma kwa mikono yake. Huyo ndiye apaswaye kujua kilichomo chini ya boneti.