Sheria ya Kiislamu Kisangani: ilipita mlango gani?

Wengi wanafikiri sheria ya Kiislamu ni habari ya Mombasa ao Unguja tu. Hapana. Mwezi wa pili 1887, kule Unguja, Stanley alipatana na Tippu Tip kwa jina la mfalme Leopold II, naye akawa wali wa Stanley Falls, ndiyo mji wetu huu. Alirudi pwani 1890, kisha vita ya 1892 mpaka 1894 ikaondoa utawala wa Waarabu. Wangwana lakini walibaki, na dini yao, na lugha hii tunayoiandika.

Wabelgiji hawakuihesabu kuwa sheria. Dekreti ya 15/4/1926 iliruhusu tribinali za wenyeji kukata maneno kwa kufuata desturi. Mlango uliobaki kwa ndoa na urithi wa Kiislamu ulikuwa huo: kupita kama mila, si kama dini.

Kenya walichagua njia ingine. Kule kadhi ni hakimu wa serikali. Katiba ya 2010 inamkubali kwa ndoa, talaka na urithi, kama wenye kesi ni Waislamu na wamekubali wenyewe kwenda kwake.

Kwetu, Sheria ya Familia ya 1/8/1987, iliyorekebishwa 2016, inajua mke mmoja tu. Ndoa ya kimila inakubaliwa, lakini inapaswa kuandikwa komini.

Sasa mzee anakufa, ameacha wake wawili. Wa kwanza ana karatasi ya komini, wa pili ana mashahidi wa msikiti tu. Kwa dini, hawa wawili wanagawana fungu moja kati ya nane. Mbele ya tribinali, wa pili hana kitu, hata kama watoto wake waliotambuliwa na baba wanarithi. Na binti, ambaye kwa dini anapata nusu ya fungu la kaka yake, kule tribinali wanapata sawasawa. Juu ya hiyo kila mtu anakimbilia mlango unaomfaa, na jamaa inavunjika.

Sisi hapa hatuombi kadhi, wala hatumkatai. Tunaomba sheikh anayefungisha ndoa awatume watu komini, na baba aandikishe watoto wake wote angali mzima. Na mama anayeolewa wa pili aambiwe mbele ya mahari, si nyuma ya kilio, kwamba komini haitamwandika.